Kifuniko Kinatafuta Sufuria

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wazo! Limenijia nikiwa nimekumbatia vitunguu.

Duka kubwa la mtaani kwetu limeacha kutoa mifuko ya plastiki. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwezi mzima. Sote tulilisoma, sote tukatikisa vichwa kwa busara, na leo sote tumekuja mikono mitupu. Nimeshuhudia mwenyewe: baba mzima katoka na nyanya ndani ya helmeti. Binti mmoja kajaza mayai kwenye kofia, anatembea kama aliyebeba mtoto mchanga wa watu. Mimi vitunguu vilinichoropoka kwapani, vikatawanyika barabarani, na mlinzi wa duka akacheka mpaka akashika ukuta. Huyu mlinzi hanipendi. Nilipokuwa na mradi wa uyoga chini ya kitanda, alikuwa wa kwanza kununua na wa kwanza kuharisha, na tangu hapo hatuivi chungu kimoja.

Nikiwa naokota kitunguu cha mwisho, ndipo nilipofunuliwa. Watu wote hawa wana mifuko ya kitambaa nyumbani! Inaning'inia nyuma ya milango ya jikoni. Wanachokosa ni kukumbuka. Basi mimi nitakuwa nimekumbuka kwa niaba yao. Nitasimama pale mlangoni, nimkodishie mtu mfuko kwa sarafu moja, abebe vitu vyake, kesho aurudishe. Plastiki kwaheri, umaskini kwaheri.

Namshukuru Mungu kwa kichwa hiki. Namshukuru pia kwa mke wangu, ambaye anafundisha watu kuendesha gari, na hurudi nyumbani mguu wa kulia ukiwa bado unakanyaga breki hewani. Mtu aliyechoka hivyo haulizi mume anapanga nini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefungua biashara!

Mke alipotoka tu, mimi huyo jikoni. Nyuma ya mlango tuna mfuko mkubwa uliojaa mifuko, na ndani ya mifuko hiyo kuna mifuko mingine. Nadhani inazaana. Nikachukua yote. Nikachukua na ule unaotundikwa peke yake kwenye msumari, ule wa heshima.

Huu lazima niueleze. Marehemu baba mkwe alikuwa mpima ardhi. Alitembea kwa miguu maisha yake yote, juani na matopeni. Alipofariki mwaka jana, mama mkwe alichukua shati lake la kazi, la buluu lenye mistari myembamba, akalishona likawa mfuko wa kwendea dukani. Kimfuko cha kifuani akakiacha palepale, pamoja na doa la wino wa kalamu yake. Akampa binti yake. Mke wangu huutumia Jumamosi tu. Huufua kwa mkono, akilizunguka lile doa kama dereva anayekwepa shimo. Hakuna kitu nyumbani humu anachokipenda zaidi, mimi nikiwemo, na sina kinyongo. Hata mimi mzee yule nilimpenda. Siku ya posa, wajomba walipotaka kunirudisha nilikotoka, yeye peke yake alisema kwamba mawazo ya kijana huyu yana kichwa, ila hayana miguu tu. Sitamsahau.

Kwa hiyo mfuko wake niliuchukua kwa maonyesho. Si wa kukodisha! Kizuri chajiuza, lakini lazima kwanza kionekane.

Sasa, nitajuaje kwamba mtu atarudi? Hapo akili yangu ikang'aa. Dhamana! Kila mteja aniachie kitu ambacho hawezi kuishi bila kuwa nacho. Watu wakaja kama nzi kwenye embe. Mmoja kaacha miwani. Mwingine kaacha rimoti ya televisheni, sijui kwa nini alitoka nayo nyumbani. Mwingine kaacha ndala ya kushoto na kuondoka akirukaruka na mchele wake. Majina sikuuliza. Mfanyabiashara akianza kuuliza majina, wateja wanaona ana wasiwasi.

Kisha akaja mama mmoja wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Sufuria yake ya zamani ilitoboka kitako lakini kifuniko kizima, basi alikuja nacho dukani akapimishe sufuria mpya isiyo na kifuniko. Kapata inayokaa sawasawa. Sasa ana sufuria, sukari, sabuni, na hana pa kuvitia. Nikamwonyesha mifuko yangu. Akaivuta mishikio mmoja mmoja, akasema hii itakatika kabla hajafika kona. Akaunyooshea kidole ule wa buluu. Nikamwambia huo si wa kukodisha. Akasema mshono ule ni wa mtu anayejua kazi, na kwamba siku hizi ni nadra kukutana na mfanyabiashara mwenye mali ya maana kama mimi.

Mwenye mali ya maana! Jamani, nani ameniita hivyo tangu nizaliwe? Ulimi ukasema ndiyo kabla kichwa hakijafika. Akaniachia kifuniko kwa dhamana, akaondoka na baba mkwe begani.

Kesho ataurudisha. Kifuniko ni kitu kikubwa kwa mpishi. Nina imani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefukuzwa.

Meneja wa duka alitoka na tai yake, akaniuliza mlango huu nimerithishwa na nani. Nikasema ninahudumia mazingira. Akasema nikayahudumie ng'ambo ya barabara. Nikahamia kando ya fundi viatu, mtu mwema ambaye alinipa kigoda na hakuniuliza chochote. Nilimshukuru sana. Lakini wateja hawakunifuata. Nimekaa mpaka makalio yakafa ganzi.

Na yule mlinzi! Kila nikitupa jicho mlangoni, ananipungia mikono na kunipigia kelele. Sikusikia maneno kwa ajili ya magari, lakini nia niliiona. Alipoanza kuvuka barabara kuja kwangu, nikakusanya kigoda, nikakimbia nacho. Fundi viatu ilibidi anifuate kudai kigoda chake. Hata hapo hakunitukana.

Hakuna mfuko hata mmoja uliorudi. Nyumbani nimekagua dhamana. Miwani ina kioo kimoja. Rimoti haina hata pa kutia betri. Ndala imekatika kamba. Watu wameniachia takataka zao na kuchukua mifuko yangu! Kitu kizima ni kimoja tu, kifuniko, na mwenye nacho hakuja.

Jioni mke akasema ana habari njema. Mama yake anakuja Ijumaa. Tangu mazishi hajatoka nyumbani kwake, na sasa amekubali kuja kukaa nasi. Jumamosi watakwenda dukani pamoja na ule mfuko wa baba, maana mama hajawahi kuuona ukitumika. Aliposema hivyo macho yalimlengalenga. Nikamwambia hilo ni jambo zuri mno. Kisha nikaenda chooni nikakaa juu ya ndoo.

Nimetundika aproni kwenye ule msumari, nikaitandaza. Kwa mbali inafanana na kitu kilichofunika kitu. Mke hakuiinua. Namshukuru Mungu kwa uchovu wa walimu wa udereva.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maji ya shingo. Mama mkwe kesho!

Nikafikiri: mama yule simjui jina wala nyumba. Lakini namjua kifuniko. Na kila kifuniko kina sufuria yake duniani. Basi nitapita nyumba kwa nyumba, nijaribu kifuniko kwenye kila sufuria, na kitakapokaa barabara, hapo ndipo kwenye mfuko. Ni sayansi!

Mtu hawezi kugonga mlango wa watu na kifuniko bila sababu. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikajitambulisha kuwa ni mtafiti wa vifuniko. Hakuna aliyecheka. Watu wanaheshimu utafiti.

Nyumba ya kwanza, kapera mwenye sufuria moja tu, anayoitumia kupikia, kulia na kuogea. Kifuniko kilizama ndani. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama utafiti unagawa sufuria. Nyumba nyingine, mume na mke walianza kubishana ile sufuria kubwa ililetwa na upande gani siku ya harusi, na nilipoaga walikuwa wameshawapigia simu mashangazi. Kwa bibi mmoja, kifuniko kilikaa taratibu, kikatoa mlio mtamu. Nikaruka! Nikamwomba mfuko. Akasema hana mfuko, hajakanyaga dukani tangu goti lianze kumsumbua, lakini kifuniko kimempendeza na anashukuru sana kwa zawadi. Ilinichukua nusu ya mchana na kumenya viazi vyake vyote ndipo akakiachia.

Sikuupata mfuko. Lakini niseme ukweli: kila nyumba ilinikaribisha. Kila nyumba walinipa kigoda na kunionjesha kilichomo jikoni, kwa sababu ukija kukagua sufuria hawakuachi uondoke bila kujua inapika nini. Nimerudi na tumbo limejaa pomoni. Katika mtaa huu huwezi kufa njaa hata ukidanganya. Nimeshukuru moyoni, halafu nikakumbuka kesho ni Ijumaa, chakula chote kikasimama kifuani.

Mke ameuliza aproni imeanza lini kukaa pale. Nimesema ni usafi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nitaandika yote yalivyokuwa.

Mama mkwe alikuwa afike asubuhi. Hakutokea. Mke alipiga simu toka kazini, nikamwambia bado. Nikajisemea basi limeharibika, Mungu amenipa nafasi. Nikachomoka na kifuniko.

Nimepita vichochoro vya nyuma ya duka. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia, nikasikia harufu ya maharage. Mlango uko wazi. Ndani kuna mzee mmoja mpole, kakaa mbele ya sufuria mpya inayong'aa, na juu ya sufuria, jamani, kaweka sinia! Moyo ukanipiga teke. Nikatoa salamu zangu zote, nikaeleza utafiti. Mzee akasema nimekuja siku yake kabisa, kwani tangu Jumanne wanakula maharage nusu mabichi, nusu moshi. Mkewe aliibiwa kifuniko na tapeli mmoja pale dukani. Nikasikitika naye. Nikasema watu wa namna hiyo wanastahili kufungwa. Akasema na viboko juu. Nikasema na viboko, ndiyo, vichache.

Akaondoa sinia. Nikashusha kifuniko.

Klak! Kikakaa kama kilizaliwa pale.

Nikasahau utafiti. Nikarusha mikono juu, nikapiga kelele kwamba ndiyo hii, ndiyo hii, na mfuko uko wapi! Mzee akanitazama. Mimi nikamtazama. Na kutoka chumba cha ndani kikasikika kicheko cha wanawake.

Akatoka kwanza yule mama wa miraba minne, mikono kiunoni. Nyuma yake akatoka mama mkwe. Mama mkwe wangu! Kikombe cha chai mkono huu, na mkono huu, mfuko wa buluu wenye doa la wino.

Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, kisha akasema, kwa sauti ya upole kabisa, mkwe, malizia utafiti, usikatishwe na sisi.

Mambo yalikuwa hivi. Aliposhuka kwenye basi alipitia dukani atununulie sukari asije mikono mitupu. Pale mlangoni akaona kifua cha mume wake kinavuka barabara kwenye bega la mwanamke mwingine. Hakupiga kelele, alifuata tu nyuma, mpaka kona, akamshika mama wa watu mkono, akamuuliza kwa adabu nguo ile kaipata wapi. Mama wa watu akaeleza kifuniko chake na tapeli wake. Mama mkwe akauliza tapeli huyo yukoje. Akaambiwa: mrefu, mwepesi wa ahadi, shati kalichomeka upande mmoja. Hakuuliza zaidi. Wakaenda kunywa chai.

Na huyo mama, ambaye nilimdhania mkosaji! Mshikio mmoja wa mfuko ulikuwa umeanza kuachia. Aliushona upya, mara mbili mbili, kwa uzi wa buluu alioutafuta makusudi. Alisema aliona mara moja kuwa lile lilikuwa shati la mtu, na shati la mtu halirudishwi limechanika. Nimemshukuru, nikamshukuru tena, akanambia inatosha, nimsogezee chumvi.

Nilipiga magoti kumwomba mama mkwe radhi. Akasema niinuke, sakafu ina maji. Halafu akasema jambo ambalo nataka nilikumbuke kama alivyolisema: "Baba yenu hakuwahi kukaa nyumbani siku nzima. Nilipoambiwa mmemtundika kwenye msumari, roho iliniuma. Leo nimemkuta barabarani, kabeba sukari ya watu. Nikasema, huyo ndiye yeye."

Akacheka tena, akalia kidogo, akacheka. Nikalia na mimi. Yule mzee akalia pia, ingawa hakujua habari yenyewe. Kisha tukala maharage, yameiva vizuri.

Sharti alilonipa ni moja. Mke wangu nimwambie mimi, kwa mdomo wangu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Mguu wa kulia ukakanyaga breki, ukaachia, ukakanyaga. Akasema kitu kile kingepotea asingenifukuza, ila asingeweza tena kunitazama bila kukiona kimepotea. Hapo nilihisi ubaridi mpaka kwenye kucha. Nikaapa. Nimeapa mbele ya mama mkwe, mkono kifuani, kwamba sitakodisha tena mfuko wowote wa nyumba hii, uwe wa kitambaa, wa plastiki au wa karatasi, mpaka naingia kaburini. Mke akanishika bega. Mke wa namna hii sikustahili kupewa, na nimepewa.

Tukaenda dukani sote watatu. Mama mkwe na mke mbele, mfuko katikati yao, kila mmoja kashika mshikio wake. Mimi nyuma, nabeba viazi, na nilivibeba kwa furaha.

Mlinzi alipotuona akatoka kibandani mbio. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia, mama mkwe alikuwa kanishika shati. Akanikabidhi furushi. Mifuko yangu! Yote! Watu walikuwa wanairudisha tangu Jumatano asubuhi, hawanioni, wanamwachia yeye. Aliikunja vizuri, akaihifadhi kwenye sanduku la sare zake. Yule mama wa kifuniko tu ndiye aliyekataa kuuacha wake mpaka aonane na kifuniko chake uso kwa uso. Siku zote zile mlinzi alikuwa ananiita nichukue mzigo wangu, na nilikuwa nakimbia.

Mama mkwe alimshukuru. Mke alimshukuru. Mimi pia nilimpa mkono. Lakini nilimtazama vizuri usoni na nimeshamwelewa. Amefanya wema huu wote ili mimi nionekane mjinga. Mtu hatari sana.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mvua!

Imeanza asubuhi bila kuaga. Nimetoka kununua mkate, nimekuta watu wamejazana chini ya kibaraza cha duka, mifuko yao ya kitambaa vichwani. Wote sasa wanakumbuka mifuko, ashukuriwe Mungu, mtaa umebadilika. Lakini mwavuli? Hakuna hata mmoja! Yote iko nyumbani, nyuma ya milango. Nilisimama pale nikilowa, na nilihisi mwili mzima unapata joto.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Lile la mwanzo halikuwa na kasoro, isipokuwa dhamana tu. Kifuniko ni kizito, kinakuchosha kuzunguka nacho. Safari hii nitachukua viatu. Mtu akirudi kwake peku, atakumbuka. Na kiapo changu nimekipitia neno kwa neno. Kinahusu mifuko. Kitambaa, plastiki, karatasi. Mwavuli hakuna aliyeutaja, si mke, si mama yake. Mimi ni mtu wa kuheshimu viapo.

Mke yuko kazini, anamfundisha mtu kuendesha mvuani, Mungu ambariki. Nimekusanya miavuli yetu yote. Ina mbavu zilizovunjika, haivutii. Ila mama mkwe amekuja na wake, mkubwa, mweusi, mpini wa mbao uliolainika kwa mkono wa marehemu. Alikuwa anapimia nao mashamba kukinyesha. Uko pale mlangoni, unadondosha maji, unaniangalia.

Ningemwomba ruhusa, wallahi. Lakini amejilaza kidogo baada ya chai, na kumwamsha mtu mzima kwa sababu ya mwavuli ni utovu wa adabu.